Ukame wa magoli: tumutoshe mshambuliaji, ao tuhesabu kwanza?

Kila mtu anayefuata mpira hapa Kalemie anajua maneno haya. Timu imecheza mechi tatu, namba 9 hajaingiza kitu, na kando ya kiwanja sauti zinapanda: “Bamutoshe huyu! Juu ya nini kocha anamurudisha tena?” Kesho yake kocha anamtoa, anaingiza mwingine. Mechi mbili tena bila goli, na huyo wa pili naye anaimbiwa wimbo ule ule.

Je, kumtoa mtu ndiyo dawa ya ukame wa magoli? Mara nyingine ndiyo, lakini mara nyingi hapana. Ili kuelewa tofauti, tuangalie kisa ambacho sisi wote tulikifuata, wengine kwenye radio, wengine kwenye sale ya video: timu ya taifa letu, Léopards, katika Kombe la Afrika (CAN) lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzo wa mwaka 2024.

Mechi 7, magoli 6

Kwanza tukumbuke matokeo yenyewe, kwa sababu wengi wanakumbuka furaha na wanasahau hesabu.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza, mjini San Pédro, Congo ilitoka 1-1 na Zambia. Yoane Wissa alisawazisha dakika chache tu kisha goli la Wazambia. Tarehe 21 ilikuwa zamu ya Moroko, na tena 1-1. Achraf Hakimi alitangulia dakika ya 6, Cédric Bakambu akapata penalti kabla ya mapumziko na mpira ukagonga mwamba, kisha Silas Katompa akasawazisha dakika ya 76. Tarehe 24, mjini Korhogo, Congo na Tanzania zilitoka 0-0.

Mechi tatu, magoli mawili, ushindi hakuna. Timu ilipita makundi kwa sare tatu.

Katika duru ya timu 16, Meschack Elia aliingiza goli, Misri ikasawazisha kwa penalti, na kisha dakika 120 ilikuwa bado 1-1. Tulipita kwa penalti 8-7, na ya mwisho aliipiga golikipa wetu Lionel Mpasi, kisha golikipa mwenzake wa Misri kugonga mwamba. Robo fainali Gine ilipigwa 3-1. Nusu fainali Côte d'Ivoire ilishinda 1-0 kwa goli la Sébastien Haller. Mechi ya nafasi ya tatu na Afrika ya Kusini ilikuwa 0-0, tukapoteza kwa penalti 6-5.

Sasa tujumlishe. Mechi 7, magoli 6. Ndani ya muda wa mchezo, bila kuhesabu penalti za mwisho, Congo ilishinda mechi moja peke yake: ile ya Gine. Na bado tulimaliza wa nne Afrika.

Tuangalie pia nani alifunga hayo magoli sita. Wissa mawili, Silas moja, Elia moja, Chancel Mbemba moja, Arthur Masuaku moja. Mbemba na Masuaku ni mabeki. Bakambu, namba 9 wa timu, hakupata hata moja. Fiston Mayele, ambaye alikuwa pia katika kikosi, hakupata hata moja.

Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kufikirisha. Mayele si mtu wa kubahatisha. Msimu wa 2022-2023, akiwa Yanga ya Tanzania, aliingiza magoli 17 katika ligi, akawa juu ya wafungaji wote pamoja na Mrundi Saido Ntibazonkiza. Msimu ule ule aliongoza wafungaji wa Kombe la Shirikisho la CAF kwa magoli 7, na Yanga ikafika fainali. Kama washambuliaji wawili wenye sifa kubwa wanakauka katika timu moja, mashindano mamoja, lazima tujiulize: ugonjwa uko kwa mtu, ao uko mahali pengine?

Kukosa goli na kukosa nafasi si kitu kimoja

Mvuvi wa hapa ziwani anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Anatoka usiku na taa zake, anashusha wavu, na asubuhi anarudi na ndakala kidogo sana. Hatupi wavu siku hiyo hiyo. Anauliza kwanza. Mwezi ulikuwa mkubwa, mwangaza wake ukashinda taa? Upepo ulimsukuma mbali? Ao wavu umepasuka? Kwa mwezi, dawa ni kungojea. Kwa wavu uliopasuka, dawa ni kushona. Mtu anayeshona wavu mzima kwa sababu ya mwezi anapoteza kazi yake bure, na yule anayengojea mwezi uishe wakati wavu una tundu atalala njaa.

Mpira uko sawa vile. Kuna ukame wa aina mbili.

Aina ya kwanza: timu inafika mbele ya lango, mshambuliaji anapiga, lakini mpira haungii. Unagonga mwamba, golikipa anaokoa, beki anaweka mguu. Nafasi zipo, goli hakuna. Huu ni ukame wa mwezi mkubwa. Kwa kawaida unapita wenyewe.

Aina ya pili: mshambuliaji hapati mpira kabisa. Dakika 90 zinapita, amegusa mpira mara chache, na mara hizo alikuwa amegeuzia lango mgongo, katikati ya mabeki wawili. Huu ni ukame wa wavu uliopasuka. Hautapita wenyewe. Lakini angalieni vizuri: tundu linaweza kuwa mbali na mshambuliaji. Linaweza kuwa kwa kiungo ambaye hapitishi mpira mbele, ao kwa watu wa pembeni ambao hawaleti krosi.

Mtu aliyesikia matokeo tu, “sifuri-sifuri”, hawezi kujua ni aina gani. Ndiyo maana goli peke yake ni mwalimu mbaya wa kupanga kikosi.

Hesabu ndogo ambayo haidanganyi

Katika mpira wa miguu, kati ya mashuti 10, karibu moja tu ndiyo inakuwa goli. Hata penalti, ambapo mtu yuko peke yake na golikipa, inaingia karibu mara tatu kwa nne. Maana yake, katika kila penalti nne, moja inapotea, hata kwa wapigaji wazuri. Ile ya Bakambu na Moroko ilikuwa mmoja wa hao wa nne.

Sasa tuchukue mshambuliaji mzuri anayepiga mashuti matatu kila mechi, na kila shuti ina nafasi moja kwa kumi ya kuingia. Mechi tano ni mashuti 15. Ukifanya hesabu, nafasi ya kumaliza mechi zote tano bila goli hata moja ni karibu moja kwa tano. Kwa maneno mengine, ukichukua washambuliaji watano wazuri, wenye afya, ambao hawajapoteza kitu, mmoja wao atakauka mechi tano mfululizo kwa bahati tu.

Tuchukue mwingine dhaifu, ambaye shuti yake inaingia mara moja kwa ishirini. Huyo, nafasi yake ya kukauka mechi tano ni karibu nusu. Basi ukame wa mechi tano ni alama fulani, hatukatai, lakini ni alama dhaifu. Mzuri anaweza kuupata, mbaya anaweza kuukwepa. Kocha anayehukumu kwa mechi tatu anarusha sarafu hewani.

Wamarekani wana mchezo ambao umejifunza somo hili zamani kuliko sisi: bezboli. Ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, na majirani zetu Waganda wanaucheza. Mwaka 2012 watoto wa Uganda walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya vijana wadogo huko Marekani. Katika bezboli, mpigaji anayefaulu mara tatu kwa kumi anaheshimiwa sana. Ted Williams, mwaka 1941, alifikisha mara 406 kwa kila 1000. Fikirini: bingwa mkubwa namna hii alishindwa karibu mara sita kwa kumi.

Kwa sababu kushindwa ni kazi ya kila siku huko, makocha wa bezboli wana desturi zao wakati mpigaji anakauka. Kocha anaandika majina tisa kwa mfuatano, na mfuatano huo ndio silaha yake. Aliyekauka anaweza kupumzishwa siku moja. Anaweza kushushwa kutoka nafasi ya nne, yenye uzito mkubwa, mpaka ya sita ao ya saba, ili apumue. Lakini wanaangalia pia namna anavyopiga: kama mpira unatoka kwa nguvu na unaangukia tu mikononi mwa wapinzani, wanamwacha. Kama hata kuugusa hawezi, hapo wanatafuta kasoro: mguu, bega, macho, ao mawazo.

Kocha alifanya nini na Léopards?

Turudi Côte d'Ivoire. Kocha Sébastien Desabre, Mfaransa aliyechukua timu mwaka 2022 na ambaye kabla alikuwa amefundisha Uganda, alikuwa na njia mbili kisha ile penalti ya Moroko. Angeweza kumfunga Bakambu kwenye benchi mpaka mashindano yaishe. Hakufanya hivyo. Katika nusu fainali Bakambu alikuwa bado katika kikosi, na mapema aliingiza mpira wavuni, lakini mwamuzi akakataa goli kwa sababu mpira ulikuwa mikononi mwa golikipa.

Kitu ambacho timu ilitegemea ni viwili. Cha kwanza, kufunga mlango wa nyuma. Katika mechi zote 7, hakuna timu iliyotufunga zaidi ya goli moja. Magoli tuliyofungwa ni 5 peke yake. Timu yenye ukame inaweza kuishi kama haivuji, kwa sababu 0-0 na 1-1 zinakuacha ndani ya mashindano.

Cha pili, kutafuta magoli mahali pengine. Angalieni mechi ya Gine, ile moja tuliyoshinda. La kwanza liliingizwa na Mbemba, beki na kapiteni. La pili ni penalti ya Wissa. La tatu ni mpira wa adhabu alioupiga Masuaku, beki wa kushoto. Magoli matatu, na hakuna hata moja la namba 9. Wakati mchezo wa kawaida unakauka, kona, mipira ya adhabu na penalti ni kisima cha akiba. Mipira hiyo inafundishika: kila timu, hata ya kartie, inaweza kuifanyia mazoezi bila kununua mtu mpya.

Kisima hicho kilitusaidia tena. Mwezi wa 11 mwaka 2025, huko Moroko, katika kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, Congo na Kameruni zilikuwa 0-0 mpaka dakika 90. Mbemba, beki yule yule, akaingiza goli kwa kona katika dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye tulitoka 1-1 na Nigeria na tukashinda kwa penalti 4-3.

Na Bakambu je? Mwezi wa tisa 2025, mjini Kinshasa, aliifunga Senegali, hata kama tulipoteza 3-2. Mwezi wa kumi goli lake moja lilitosha kuishinda Togo 1-0. Katika CAN ya Moroko, tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2025, aliifunga Senegali tena, na mechi ikaisha 1-1. Mayele naye, mwezi wa sita 2025, aliingiza goli katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na Pyramids ya Misri ikachukua kombe. Wale wawili waliokauka pamoja mwaka 2024 hawakuwa wamekwisha.

Lini kumtoa ni haki?

Hatusemi kocha awe mkaidi. Kuna alama ambazo zikionekana, mtu anapaswa kutoka, hata kama jina lake ni kubwa.

Ya kwanza ni mwili. Mshambuliaji aliyekuwa anakimbia nyuma ya mabeki sasa anangojea mpira miguuni. Labda ana maumivu na anaficha, kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi. Huyo apumzike, na aulizwe kwa upole, si mbele ya watu.

Ya pili ni kujificha. Mtu anayekosa mara tano bado anataka mpira wa sita. Mtu aliyevunjika moyo anaanza kusimama mahali ambapo mpira hautamfikia, ili asikose tena. Ukimwona anakosa, usiogope sana. Ukimwona hakosi kwa sababu hapigi, hapo kuna shida.

Ya tatu ni wapinzani. Kuna siku mabeki wa upande mwingine ni wazito na polepole, na unahitaji mtu wa mbio. Kumtoa mtu siku hiyo si adhabu, ni kazi. Kocha amwambie wazi sababu.

Pia kuna ukame ambao hauna mkosaji. Wissa aliumia katika ile mechi ya Senegali ya mwezi wa tisa na akakosa CAN ya Moroko. Tulipofika duru ya timu 16, Congo na Aljeria zilicheza karibu dakika 120 bila goli, mpaka Adil Boulbina alipotufunga dakika ya 119. Mtu anaweza kulaumu namba 9 usiku mzima. Lakini timu iliyopoteza mmoja wa wafungaji wake wakubwa itakuwa na nafasi chache, yeyote yule unayemsimamisha mbele.

Juu ya nini jambo hili ni zito kwetu

Katika timu ya taifa, mshambuliaji aliyekauka ana mshahara wa klabu yake, daktari na watu wa kumtetea. Kwenye viwanja vya Kataki ao Lubuye, kijana wa miaka 16 hana hayo. Akikosa mechi tatu, anatolewa. Halafu maneno yanaanza: “Balimuloga.” Ao mbaya zaidi: ni yeye anayeiloga timu, ni mama yake, ni yule mwenzake aliyeketi benchi. Kuna vijana wameacha mpira kwa maneno kama hayo, na kuna urafiki uliokufa. Nyumbani neno la uchawi haliishii kiwanjani. Linamfuata mtu mpaka mlangoni.

Lakini hesabu ya mashuti 15 imetuonyesha: mmoja kwa watano anakauka bila mtu yeyote kumfanyia kitu. Si lazima kutafuta mchawi kwa jambo ambalo bahati ya kawaida inalileta kila msimu.

Kwa hiyo, ninyi makocha wa kartie na ninyi viongozi wa timu za shule, jaribuni njia hii ambayo haiombi pesa. Chukueni kaye na biki. Mtu mmoja aketi kando ya kiwanja, asishangilie, aandike. Kwa kila mshambuliaji, mistari mitatu: mara ngapi alipokea mpira karibu na lango, mara ngapi alipiga, mara ngapi shuti ililenga lango. Kisha mechi tano, someni.

Kama mistari yote mitatu imejaa na magoli hakuna, mwacheni acheze. Kama anapokea sana na hapigi, zungumzeni naye, labda ni woga. Kama anapiga sana na halengi lango, mpeni mazoezi ya kupiga kila siku kabla ya wenzake kufika. Na kama mstari wa kwanza ni mtupu, musimguse yeye kwanza: angalieni nani anapaswa kumletea mpira. Wakati huo huo, fanyeni mazoezi ya kona na mipira ya adhabu, na mfunge nyuma.

Mashabiki nao wana kazi. Wakati mwingine sauti ikipanda kando ya kiwanja, “Bamutoshe!”, muulize jirani yako swali moja tu: leo amepata nafasi ngapi? Kama hajui, bado hajaangalia mechi. Ameangalia matokeo tu.